KODI NA ADA ZA SILAHA INAYONUNULIWA NJE: RISITI HAIGEUKI KIBALI

Bidhaa nyingi hununuliwa kwa mpango unaofahamika na kila mtu. Mnunuzi hutazama bei, hulipa, hupokea risiti, na mali huwa yake. Ikiwa bidhaa imetoka nje, huongeza ushuru na kodi, kisha huichukua bandarini na kurejea nayo nyumbani. Silaha ya moto haimo katika mpango huo. Mtu anaweza kuilipia bei yote, akalipa na ushuru wote, na bado ikawa si yake kwa mujibu wa sheria.

Makala haya yanakusudia kuwafafanulia watumishi wa Serikali na wakaazi wa Unguja na Pemba, hususan wenye mashamba au jamaa katika Bagamoyo, Chalinze na mwambao ulio kaskazini ya Dar es Salaam, ni malipo gani humfuata mtu anayenunua silaha nje ya pahala anapokusudia kuitumia, na malipo hayo huja kwa utaratibu gani.

MFANO WA MKULIMA WA KIWANGWA

Na uchukuliwe mfano wa mtumishi mstaafu, mkaazi wa Unguja, mwenye shamba la mananasi Kiwangwa, katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze. Mchana nyani hawampi nafasi, na usiku nguruwe mwitu hufukua hadi mizizi. Mlinzi wake hana zana ila upinde na debe la kupigia kelele. Ndugu yake aliyeko Maskati anamwambia kwamba yuko tayari kumtafutia bunduki ya marisawa na kumpelekea. Mstaafu huyo anatenga sehemu ya kiinua mgongo chake, anapiga hesabu ya bei, nauli na ushuru, na anaona kwamba fedha zinatosha.

Hesabu ya mstaafu huyo yaweza kuwa sahihi kwa kila senti, na hata hivyo ameanzia mwisho. Swali la kwanza katika jambo hili si "itagharimu kiasi gani", bali ni "nani amenipa ruhusa". Akituma fedha Maskati kabla ya kujibu swali hilo, yawezekana akapoteza fedha na silaha kwa pamoja, na juu ya hayo akajikuta mbele ya mahakama.

KIBALI HUTANGULIA MALIPO

Kwa shamba lililopo Chalinze, sheria inayomhusu ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya silaha ya mwaka 1991. Msimamo wake ni kwamba kumiliki silaha si haki inayopatikana kwa kununua. Ni ruhusa inayotolewa na mamlaka ya leseni, kwa mtu aliyetajwa na kwa silaha iliyotajwa.

Maombi huanzia chini, pale ambapo muombaji anafahamika. Serikali ya kijiji au ya mtaa humtambulisha, na vikao vya ulinzi na usalama humjadili. Kisha maombi hupanda kupitia Polisi wa Wilaya na wa Mkoa, hadi kwenye mamlaka ya usajili wa silaha ndani ya Jeshi la Polisi. Katika safari hiyo huangaliwa umri wa muombaji, mwenendo wake, kumbukumbu zake za makosa ya jinai, sababu ya kutaka silaha, uwezo wake wa kuitumia, na pahala atakapoihifadhi. Muombaji mwenye makaazi mawili, moja Unguja na jengine Bara, yampasa kuyatamka yote mawili tangu mwanzo, kwani jambo lililofichwa katika fomu huwa sababu ya kunyimwa, ilhali lingetajwa huenda lisingekuwa na neno.

Aidha, kibali cha kumiliki na kibali cha kuingiza silaha nchini ni mambo mawili mbalimbali. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeziweka silaha na risasi, yaani bidhaa zote za Sura ya 93 ya orodha ya forodha, miongoni mwa bidhaa zenye masharti maalum ya kuingizwa. Maana yake ni kwamba ofisa wa forodha hawezi kuipitisha bunduki kwa sababu tu mwenyewe yuko tayari kulipa. Atadai kwanza kuona kibali. Kikikosekana, bidhaa hiyo hustahiki kutaifishwa, na fedha iliyokwisha kulipwa kwa muuzaji aliyeko Maskati au Dubai hairejeshwi na Serikali yoyote.

Ipo pia aina ya silaha ambayo haisaidiwi na maombi wala malipo. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inazitaka nchi wanachama kuwapiga marufuku raia kumiliki bunduki za rasharasha na zile zinazojipakia zenyewe baada ya kila mpigo. Ndugu aliyeko ughaibuni anaweza kuiona bunduki ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei nafuu na akadhani amepata bahati. Bei hiyo nafuu isimshawishi mtu.

KODI, USHURU, TOZO NA ADA

Baada ya kibali kupatikana ndipo suala la fedha huanza. Katika mazungumzo ya kawaida majina haya manne huchanganywa, lakini ofisini kila moja lina maana yake.

Ushuru wa forodha hutozwa kwa sababu bidhaa imevuka mpaka wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru huu ni wa pamoja kwa nchi zote za Jumuiya, na bunduki za kuwindia na za michezo zimo katika kundi la asilimia 25. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa kwa sababu bidhaa inaingia katika matumizi, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Tozo ni makato mengine yanayowekwa na sheria za fedha kwa shughuli maalum, kama vile ya maendeleo ya reli, na viwango vyake hubadilishwa mara kwa mara Bungeni. Upo pia ushuru wa bidhaa, unaotozwa pale ambapo jedwali la sheria limeitaja bidhaa husika. Ama ada, hiyo ni malipo ya huduma au ya ruhusa: ada ya maombi, ya leseni, ya usajili, na ya kuhuisha leseni. Ada hulipwa kwa mamlaka inayotoa ruhusa, na haihusiani na thamani ya bunduki.

Namna ushuru na kodi vinavyopandana huwashangaza wengi, na mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme thamani ya kiforodha ya bunduki, ambayo kwa kawaida hujumuisha bei, bima na nauli ya kuifikisha bandarini, ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa asilimia 25 ni shilingi 250,000. Kodi ya ongezeko la thamani haihesabiwi juu ya ile milioni moja pekee, bali juu ya milioni moja pamoja na ushuru wake, yaani shilingi 1,250,000. Asilimia 18 ya hapo ni shilingi 225,000. Hivyo basi, kwa vitu hivyo viwili tu malipo yamefika shilingi 475,000, karibu nusu ya thamani, kabla ya kuhesabiwa tozo, ushuru wa bidhaa ukiwapo, na malipo ya wakala wa forodha.

Gharama nyengine ambayo watu huisahau ni ile ya muda. Bidhaa iliyozuiliwa ikisubiri kibali hudaiwa gharama za hifadhi, na kila siku inayopita huongeza deni. Mtu aliyeleta bunduki kwanza na kuanza maombi baadaye huenda akafikia pahala ambapo hifadhi imeizidi bei ya kitu chenyewe.

Kadhalika, mtu asidanganyike kwa neno "zawadi". Kwamba ndugu ameitoa bure hakuondoi wajibu wa kuitamka silaha forodhani, wala sharti la kibali. Thamani yake itakadiriwa hivyo hivyo. Na wala haisaidii kuipitishia Mombasa. Bunduki iliyotengenezwa nje ya Afrika Mashariki haiwi bidhaa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa katika duka la Kenya, na haipati nafuu ya bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya.

BAINA YA VISIWA NA BARA

Wakaazi wengi wa Zanzibar wanalo jambo wanalolijua kwa uzoefu, nalo ni malipo ya tofauti. Mtu amenunua jokofu Darajani, amelipa kila kitu, na anapolivusha Bara hudaiwa tena. Chanzo chake ni kwamba ushuru wa forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano yanayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996, ilhali kodi ya ongezeko la thamani ina sheria mbili, moja ya Bara na moja ya Zanzibar. Kwa upande wa Zanzibar husimamia pia Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo kabla ya mwaka 2022 ilikuwa ikiitwa Bodi ya Mapato. Kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Zanzibar ni asilimia 15, na Bara ni 18. Zaidi ya hayo, thamani iliyotumika kukadiria ushuru Zanzibar mara nyingi imekuwa chini ya ile ya Bara. Mzigo unapovuka, pengo hilo hudaiwa. Suala hili limekuwa likijadiliwa na Serikali mbili kwa miaka mingi.

Kutokana na uzoefu huo, baadhi ya watu hudhani kwamba silaha nayo ni kama jokofu: ikishalipiwa tofauti, njia imefunguka. Dhana hiyo ni ya hatari. Tofauti ya kodi hufuta deni la fedha, lakini haifuti sharti la kibali. Polisi ni jambo la Muungano, na askari wa Malindi na wa Bagamoyo ni wa jeshi moja, lakini hilo halimfanyi mwenye leseni kuwa huru kupanda boti na bunduki begani. Kabla ya kukata tiketi, yampasa awaulize Polisi wa pahala anapotoka na wa pahala anapokwenda, na apate ruhusa ya kuisafirisha kwa maandishi.

Wengine hufikiria jahazi na bandari bubu za mwambao wa Bagamoyo, ambazo zimetumika kuvushia sukari na mafuta ya kupikia. Mfuko wa sukari ukikamatwa, mwenyewe hupata hasara ya mali na faini. Bunduki isiyo na kibali ikikamatwa katika njia panda ya Chalinze, ambako barabara ya Morogoro na ile ya Segera hukutana na ukaguzi haukomi usiku na mchana, suala la ushuru halitatajwa hata kidogo. Litatajwa kosa la jinai.

ILIVYOKUWA ZAMANI

Utaratibu huu haukuzuka jana, na Zanzibar yenyewe imo ndani ya historia yake. Katika karne ya 19 bunduki zilikuwa bidhaa kama shanga na vitambaa. Mikataba ambayo Sultani aliifunga na Marekani mwaka 1833, Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingia, na forodha haikuwa na shauri zaidi ya asilimia hizo. Aliyelipa alichukua. Kutoka Unguja bunduki zilivushwa hadi Bagamoyo, zikabebwa na misafara kupitia nchi ya Wakwere, ambayo leo ni Chalinze, hadi Unyanyembe na maziwa makuu. Mwaka 1888 Balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka mmoja kwa njia hii.

Matokeo yake yanafahamika. Bunduki zilizolipiwa ushuru halali zilitumika katika kuwinda watu na kuchoma vijiji. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1888, vita vya Abushiri vikiwa vimeshawaka, Wajerumani na Waingereza waliifunga pwani kwa manuwari kuzuia silaha zisiingie na watumwa wasitoke.

Tarehe 2 Julai 1890 ulitiwa saini Mkataba wa Brussels, nayo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mkataba huo uliagiza kwamba silaha zinazoingia Afrika ziwekwe katika maghala ya Serikali na zisitoke ila kwa ruhusa. Bunduki za kisasa hazikuruhusiwa ila kwa mtu aliyetoa dhamana kwamba hatampa mwengine, na ambaye jina lake na alama ya bunduki yake vimeandikwa katika leseni. Hapo ndipo swali la forodha lilipobadilika, kutoka "umelipa?" hadi "wewe ni nani, na silaha hii itakaa wapi?". Sheria ya mwaka 2015 inauliza swali lile lile. Ni kweli kwamba mkataba ule uliandikwa na madola yaliyokuwa yakigawana Afrika, na yalikuwa na maslahi yao. Lakini swali lilikuwa la haki, na nchi huru zimelibakisha kwa usalama wa watu wao.

HALI ILIVYO MAREKANI

Wakaazi wenye jamaa Marekani husikia kwamba huko silaha hununuliwa kama nguo. Hata huko mambo hayako hivyo anapohusika mnunuzi wa jimbo jengine. Kwa mujibu wa sheria yao ya mwaka 1968, anayenunua bastola nje ya jimbo lake hapewi mkononi. Muuzaji huipeleka kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika jimbo la mnunuzi, ambaye humkagua mnunuzi na kutoza ada ya kazi hiyo. Kodi ya mauzo au ya matumizi hudaiwa na jimbo anakoishi mnunuzi. Juu ya hayo, Serikali yao kuu hutoza watengenezaji na waingizaji asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki nyengine, na fedha hizo huelekezwa katika uhifadhi wa wanyamapori. Jimbo la California limeongeza asilimia 11 yake kuanzia Julai 2024. Hata hivyo, aliyekataliwa katika ukaguzi hapewi silaha kwa kuwa ameshalipa kodi zote hizo.

BAADA YA KUIPATA

Malipo hayaishi siku ya kukabidhiwa. Leseni huhuishwa, na ada ya kuhuisha ni wajibu wa mwenyewe bila ya kukumbushwa. Mwaka 2016 lilifanyika zoezi la kuhakiki silaha, na wamiliki walitakiwa kuzipeleka wao wenyewe pamoja na nyaraka zao. Asiyetunza karatasi zake hupata taabu siku kama hiyo.

Leseni ya silaha si leseni ya kuwinda. Shamba la Kiwangwa haliko mbali na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na wanyama hawajui mpaka. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kuwinda kunahitaji leseni na ada yake. Tembo akiingia shambani, dawa yake ni kuwaarifu maofisa wa wanyamapori.

Mwenye silaha akifariki, warithi wake hugawana mali kwa mujibu wa mirathi, lakini leseni hairithiwi. Leseni ilikuwa ya marehemu, na imekwisha naye. Silaha ipelekwe Polisi mara moja, na mrithi anayeitaka aanze maombi kwa jina lake. Silaha iliyofichwa darini "kwa kumbukumbu ya mzee" huwaingiza watoto katika kosa ambalo mzee mwenyewe hakulifanya.

MUHTASARI KWA MWANANCHI

Mstaafu wa mfano wetu bado hajachelewa. Kwanza, aende kijijini Kiwangwa na Polisi wa Wilaya, aombe ruhusa ya kumiliki na kulipa ada ya maombi. Pili, akikubaliwa, aulize kama silaha ya aina ile ile inapatikana kwa muuzaji mwenye leseni nchini, kwani huenda ikamtoka kwa gharama ndogo kuliko ile ya Maskati baada ya kuongezwa asilimia zote zilizotajwa. Tatu, akishikilia ya nje, apate kibali cha kuiingiza kabla ndugu yake hajatoa hata riali moja. Nne, aitamke forodhani kwa thamani ya kweli na alipe. Tano, aisajili na kuihuisha leseni kila inapotakiwa.

Malipo yote ya Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na ofisi husika, na risiti zihifadhiwe. Mtu anayedai fedha mkononi ili "aharakishe" hana kibali cha kuuza, na mwananchi atakuwa amenunua hasara.

Na iwapo maombi yatakataliwa, mstaafu huyo atakuwa amepoteza ada ya maombi na muda wake tu. Kiinua mgongo chake kitabakia mfukoni, na kitatosha kujenga uzio na kumwongeza mlinzi wa pili.